Samaki mweupe, mboga na sosi ya kitunguu saumu: mwongozo kamili wa kumwivisha samaki bila kumkausha

Watu wengi wakisikia samaki wa kuchemsha huwaza chakula cha mgonjwa: mnofu mkavu, povu jeupe juu ya maji, na harufu iliyoenea nyumba nzima. Lawama si ya samaki, ni ya maji yaliyoachwa yatokote. Mnofu huohuo ukilazwa ndani ya maji ya moto yasiyotokota na kukaa humo dakika 8 hivi, hutoka laini, una majimaji yake, na ukiugusa kwa uma huachana tabaka kwa tabaka. Upange na mboga zilizoiva kwa kiasi, weka bakuli la sosi nzito ya kitunguu saumu katikati, na una mlo ambao watu wa Provence, kusini mwa Ufaransa, huuandaa hata kwenye sherehe za kijiji na kuuita kwa jina la sosi yake, aïoli. Mshairi wa huko Frédéric Mistral, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1904, aliithamini sosi hiyo kiasi kwamba gazeti aliloanzisha na wenzake mwaka 1891 waliliita L'Aiòli.

Kwa asili Waprovence hutumia samaki wa chumvi, yule mkavu anayelowekwa siku nzima au mbili huku maji yakibadilishwa. Hapa tutatumia samaki mbichi, maana ndiye anayepatikana kirahisi, na ndiye anayeharibika kirahisi zaidi jikoni.

Kabla ya kushika kisu, elewa mpangilio wa kazi. Sosi inatangulia, kwa sababu inapenda kukaa nusu saa ili ukali wa kitunguu saumu utulie. Maji ya viungo yanafuata, halafu mboga. Samaki ni wa mwisho kabisa, watu wakiwa tayari wameshanawa mikono. Anayeanza na samaki ataishia kumpasha moto, na samaki wa aina hii akipashwa moto upya hana tena utamu. Kwa ujumla tenga saa 1 na robo, nusu yake ikiwa ni kusubiri tu.

Mahitaji ya watu 4

Samaki na mboga:
- minofu 4 ya samaki mweupe, kila mmoja gramu 150 hadi 180, unene wa sentimita 2.5 hivi
- viazi mviringo vidogo gramu 600
- karoti 4 za wastani
- maharage mabichi ya maganda gramu 250
- koliflawa nusu
- mayai 4 ya kuchemsha

Maji ya viungo:
- maji lita 1.5
- kitunguu maji 1, karoti 1, bua 1 la seleri
- siki nyeupe vijiko 3 vya mezani
- pilipili manga nzima, punje 10
- chumvi gramu 20, yaani kijiko cha mezani kilichojaa

Sosi:
- punje 4 za kitunguu saumu (punje, si vichwa)
- chumvi nusu kijiko cha chai
- viini 2 vya mayai
- mafuta ya zeituni mililita 100 na mafuta ya alizeti mililita 150
- maji ya limau, kijiko 1 hadi 2 vya mezani
- maji ya uvuguvugu, kidogo

Samaki gani?

Unatafuta samaki mwenye nyama nyeupe, isiyo na mafuta mengi, iliyoshikana: chewa, changu, sangara, kodi wa bahari ya Atlantiki, au sato mkubwa mwenye minofu minene. Samaki wa kundi la kodi huweka mafuta yake kwenye ini badala ya nyama, ndiyo maana mafuta ya ini la kodi yanayouzwa chupani hukamuliwa humo. Nyama yenyewe hubaki nyepesi, yenye ladha ya upole inayokubali sosi kali, lakini pia haina akiba ya mafuta ya kuikinga na joto. Jodari, vibua na wenzao wenye mafuta waache kwa ajili ya kuchoma. Ndani ya maji ya viungo ladha yao huwa nzito na hupigana na kitunguu saumu.

Kama unanunua samaki mzima, macho yawe yametokeza na kung'aa, mashavu mekundu yasiyo na utelezi mchafu, na ukibonyeza ubavu kwa kidole shimo lijae lenyewe. Minofu iliyokwisha kukatwa ni ngumu zaidi kuikagua. Tazama kingo zake: zikiwa na rangi ya manjano au zimekauka, iache. Tazama pia kama tabaka za nyama zimeanza kuachana na kama sinia imejaa maji. Hizo ni dalili za mnofu uliokaa sana au ulioganda na kuyeyuka zaidi ya mara moja. Harufu iwe ya bahari au isiwepo kabisa. Harufu kali inayochoma pua haiondolewi na limau, hata uweke mangapi.

Samaki aliyegandishwa vizuri hana ubaya, na mara nyingi ni bora kuliko yule "mbichi" aliyezunguka siku nne juu ya barafu inayoyeyuka. Mtoe kwenye friza usiku, umweke ndani ya friji juu ya kichujio kilichowekwa kwenye bakuli, ili asilale ndani ya maji yake mwenyewe. Asubuhi atakuwa tayari. Kumyeyusha kwa maji ya moto ni kuanza kumpika nje huku ndani bado barafu.

Chagua kipande cha mgongoni, kilicho kinene na chenye unene sawa. Ukipata kipande cha mkiani, chembamba upande mmoja, kunja ncha yake chini ili unene ulingane. Kisha pitisha kidole katikati ya mnofu, kutoka kichwani kwenda mkiani: utahisi vimiba vidogo vilivyosimama. Vivute kwa kibano, ukielekeza upande vilikoelekea, si kinyume, la sivyo utapasua nyama.

Jambo moja dogo ambalo mapishi mengi huliruka ni kumloweka samaki kwenye maji ya chumvi kabla ya kumpika. Yeyusha gramu 50 za chumvi ndani ya lita 1 ya maji baridi, tia minofu, acha dakika 15 ndani ya friji, kisha itoe na uikaushe vizuri kwa tishu za jikoni. Chumvi huingia kidogo ndani ya nyama, nyama hushikana, na ule utando mweupe kama ute wa yai unaojitokeza juu ya samaki aliyeiva hupungua sana. Utando huo ni protini inayochuruzika kutoka kwenye misuli na kuganda. Hauna madhara, ila huharibu sura ya sahani. Usizidishe dakika 20 kwa minofu ya unene huu, utakula chumvi.

Sosi ya kitunguu saumu

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu hukata tamaa.

Menya punje za kitunguu saumu, zipasue katikati kwa urefu, na utazame ndani. Kukiwa na chipukizi la kijani, litoe kwa ncha ya kisu. Kwenye kitunguu kichanga halionekani sana, lakini kwenye kilichokaa ghalani huwa refu na huacha uchungu unaobaki mdomoni hadi kesho yake. Tia punje na chumvi ndani ya kinu kidogo, utwange kwanza, kisha usugue kwa kuzungusha mchi ukutani mwa kinu mpaka upate rojo laini lisilo na chembe. Chumvi ndiyo inayosaidia kusaga, kwa hiyo usiiweke mwishoni. Huna kinu? Katakata kitunguu saumu juu ya ubao, nyunyiza chumvi, kisha kwangua na kukandamiza kwa ubavu wa kisu, ukirudiarudia hadi kigeuke rojo.

Ukali wa kitunguu saumu haumo ndani ya punje nzima. Huzaliwa pale unapoivunja: kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa hukutana na kemikali iitwayo alini na kuigeuza kuwa alisini, hiyo inayochoma ulimi. Ukitwanga sana, ukali huwa mwingi. Ukitia maji ya limau mara tu baada ya kutwanga, asidi hukizuia kimeng'enya na ukali hukoma hapo ulipofika. Kwa hiyo anayetaka sosi ya upole atie kijiko 1 cha limau mapema, anayetaka inayouma asubiri kidogo. Mimi natia mapema. Sosi ya kuonja mara moja inaweza kuuma, ya kula sahani nzima haipaswi.

Sasa ongeza viini 2 vya mayai. Viwe vya joto la chumbani, si vilivyotoka kwenye friji dakika hiyohiyo. Koroga mpaka vichanganyike na rojo, kisha acha dakika moja.

Mafuta yanaingia tone kwa tone, na ninasema tone kwa maana ya tone. Changanya ya alizeti na ya zeituni kwenye jagi dogo lenye mdomo mwembamba. Mkono mmoja unadondosha, mwingine unazungusha mchi au waya wa kupigia mayai bila kusita. Tone likishapotea ndani ya kiini, ndipo unaongeza lingine. Unachokifanya ni kuyavunja mafuta kuwa vitone vidogo mno na kuvitawanya ndani ya majimaji ya kiini na limau, na lesithini iliyomo kwenye kiini huvizunguka vitone hivyo visikutane tena. Mwanzoni majimaji ni machache, hivyo mafuta mengi kwa mpigo hayapati mahali pa kujificha. Baada ya vijiko 3 au 4 vya mafuta, utaona mchanganyiko umebadilika: umepauka, umekuwa mzito, na mchi unaacha njia inayoonekana. Hapo unaweza kumimina kwa mkondo mwembamba kama uzi.

Katikati ya safari sosi itakuwa nzito kupita kiasi, iking'aa kwa mafuta na kujivuta. Hiyo ni dalili kwamba maji yamekwisha. Tia kijiko 1 cha chai cha maji ya uvuguvugu, koroga, italegea na kurudi kuwa nyororo, halafu endelea na mafuta. Wengi hawajui hili, wanadhani uzito ndio mafanikio, kisha sosi inawakatikia mkononi yakiwa yamebaki mafuta kidogo tu.

Kwa nini mafuta ya zeituni yasiwe yote? Wenye jadi ya Provence hutumia hayo peke yake, na kwa kinu cha mkono ni sawa kabisa kama unapenda ladha yake nzito. Tatizo ni blenda. Visu vinavyozunguka kwa kasi huyavuruga mafuta ya zeituni ya daraja la juu na kutoa uchungu wa ajabu. Ukilazimika kutumia blenda, piga sosi kwa mafuta ya alizeti pekee, kisha uyaingize ya zeituni mwishoni kwa mkono.

Onja. Ongeza chumvi na limau hadi ladha isimame. Funika, weka kwenye friji kwa nusu saa.

Ikikatika, usiitupe. Utaijua: mafuta yanajitenga, sosi inakuwa maji yenye chembechembe. Chukua bakuli jingine safi, tia kiini kipya 1 au hata kijiko 1 cha maji ya uvuguvugu pamoja na tone la haradali, kisha ingiza sosi iliyokatika tone kwa tone, kana kwamba hayo ndiyo mafuta. Itashikana upya. Haihitaji uganga, inahitaji kuanza tena polepole.

Kuhusu mayai mabichi: kiini kisichopikwa kinaweza kuwa na bakteria wa salmonela. Wajawazito, watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu wasile sosi hii isipokuwa imetengenezwa kwa mayai yaliyopasteshwa, yaani yaliyopashwa joto la kuua bakteria bila kuiva. Kuna njia nyingine isiyo na yai kabisa. Chemsha punje 8 za kitunguu saumu pamoja na kiazi kimoja cha wastani mpaka vilainike, ponda vyote vikiwa vya moto na chumvi, kisha ingiza mililita 120 za mafuta kwa mkondo mwembamba, ukilegeza kwa maji ya viungo na limau. Kitunguu saumu kilichochemshwa kizima hakiumi, kwa kuwa joto limekiua kimeng'enya kabla hakijapata kazi. Sosi hii ni ya upole na nzito. Si aïoli halisi, lakini kwa samaki inakwenda vizuri sana.

Maji ya viungo

Kata kitunguu maji, karoti na seleri vipande vyembamba. Vinene havitatoa ladha kwa muda huu. Vitie kwenye sufuria pana na maji na chumvi, chemsha, punguza moto, acha vitokote taratibu dakika 10. Kisha tia siki na pilipili manga, acha dakika 10 nyingine. Siki inachelewa kwa sababu asidi huzuia mboga kulainika na kuachia ladha yake. Pilipili manga nayo ikichemka muda mrefu hutoa uchungu.

Onja maji hayo kwa kijiko. Yawe kama supu nyepesi iliyokolea chumvi kidogo kuliko ambavyo ungependa kuinywa. Maji yasiyo na ladha yatamwosha samaki badala ya kumkoleza. Kama una divai nyeupe kavu, tia mililita 200 badala ya siki. Mashina ya giligilani, vipande vya shamari au tawi la zaatari yanakaribishwa pia, lakini usijaze sufuria kana kwamba unatengeneza dawa. Samaki huyu hana sauti kubwa.

Mboga

Viazi vianze kwenye maji baridi yenye chumvi, na ngozi zake, vichemke taratibu dakika 15 hadi 20. Ukivitupia maji yanayotokota, nje itapasuka ndani ikiwa bado ngumu. Mayai chemsha dakika 9 kwenye sufuria ndogo, kisha yatie kwenye maji baridi.

Mboga nyingine zinaingia kwenye maji mengi yanayotokota, yenye chumvi ya kutosha, bila kufunikwa, kila moja kwa zamu na kwa sufuria ileile: karoti zilizopasuliwa kwa urefu dakika 8 hadi 10, koliflawa iliyochambuliwa dakika 5 au 6, maharage dakika 5. Maharage peke yake ndiyo yanayohitaji kutumbukizwa kwenye maji ya barafu mara yanapotoka, ili rangi yake ibaki. Asidi za mboga yenyewe ndizo zinazoigeuza rangi ya kijani kuwa ya kahawia, na maji mengi yasiyofunikwa huzipunguza makali. Magadi hufanya kazi hiyo kwa haraka, ndiyo, lakini huyalegeza maharage na kuharibu vitamini C. Ukiongeza kiazisukari chekundu, kipike mbali na vingine, la sivyo kila kitu kitakuwa na rangi yake.

Kipimo cha kuiva ni ncha ya kisu: ipenye kwa kusukumwa kidogo, si kuzama yenyewe. Mboga zinaliwa zikiwa za uvuguvugu, kwa hiyo huna haja ya kukimbizana nazo. Zipange kwenye sinia, nyunyiza mafuta ya zeituni kidogo, zifunike kwa kitambaa safi.

Samaki, hatua kwa hatua

1. Toa minofu kwenye friji dakika 15 kabla. Kausha. Usiongeze chumvi kama uliiloweka.

2. Rudisha maji ya viungo yachemke, kisha shusha moto mpaka mtokoto ukome kabisa. Unatafuta joto la nyuzi 75 hadi 80 za Selsiasi. Kama huna kipimajoto, tazama: mvuke unapanda, chini ya sufuria kuna vipovu vidogo vilivyong'ang'ania, kimoja kimoja kinapanda mara moja moja, na uso wa maji unatetemeka tu. Povu likianza kupanda mfululizo, moto umezidi.

3. Laza minofu kwa mwiko bapa wenye matundu, mmoja mmoja, isipandane. Maji yawafunike samaki kwa kidole kimoja hivi. Samaki baridi watashusha joto, kwa hiyo ongeza moto kidogo kwa dakika ya kwanza, kisha urudishe chini. Hii ndiyo dakika ya kusimama hapohapo jikoni.

4. Weka karatasi ya kuokea juu ya maji badala ya mfuniko. Inawazuia samaki wasichomoze na kukauka juu. Mfuniko mzito hupandisha joto bila wewe kuona, na ukirudi unakuta maji yanatokota.

5. Anza kukagua dakika ya 7. Mnofu wa sentimita 2.5 huchukua dakika 7 hadi 10. Wa sentimita 1.5 dakika 4 au 5. Ingiza ncha ya kisu sehemu nene kuliko zote na utenganishe tabaka kidogo. Nyama iliyoiva imepoteza ule ung'avu wa kioo, ni nyeupe mpaka ndani, na inaachana bila kulazimishwa. Ikibaki mstari mwembamba wa ung'avu katikati, mpe dakika 1 tena.

6. Toa kwa mwiko uleule, laza juu ya taulo safi iliyokunjwa ili maji yachuruzike, subiri dakika 2. Joto la nje litaendelea kuingia ndani wakati huo. Samaki anayevuja maji kwenye sahani huifanya sosi iteleze na kupoteza ladha, kwa hiyo usiruke hatua hii.

Mwenye kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama aelewe hivi: mamlaka za afya za Marekani hupendekeza nyuzi 63 katikati ya samaki. Wapishi wengi wa migahawa hutoa mapema zaidi, karibu na nyuzi 55, kwa sababu nyama huanza kujikamua maji inapokaribia nyuzi 60 na kuendelea. Ukimtoa samaki akiwa na 60, kupumzika kunamfikisha karibu na 63 akiwa bado na majimaji. Kwa watu niliowataja kwenye suala la mayai, usishuke chini ya 63.

Sasa utaona kwa nini maji yasitokote. Mbali na joto lenyewe, mtokoto humgongagonga samaki na kumvunja, tabaka zikaelea kwenye maji. Na nje yake hufikia nyuzi 100 huku katikati hata 40 hapajafika, kwa hiyo ukingoja katikati paive, nje pameshakuwa kama sponji.

Kwa samaki mzima mambo yanageuka. Huyo huwekwa kwenye maji ya viungo yaliyopoa, kisha joto likapandishwa polepole, ili ngozi isijikunje na kupasuka na nyama iive sawasawa hadi kwenye mfupa. Samaki wa kilo 1 huhitaji dakika 12 hadi 15 tangu maji yafikie kule kutetemeka. Zima moto, mwache humo dakika 5. Uti wa mgongo ukivutika bila kung'ang'ania nyama, ameiva.

Mezani

Samaki katikati ya sinia, mboga pembeni, mayai yaliyopasuliwa nusu, sosi kwenye bakuli lake. Usimwagie sosi juu ya samaki wa moto: mafuta hujitenga kwa joto na kile ulichokitwanga kwa dakika 15 kinageuka matope. Kila mtu achote kando ya sahani yake na kuchovya. Anayeona sosi ni nzito aipunguze kwa kijiko cha maji ya viungo yaliyopoa.

Kinachobaki

Sosi yenye mayai mabichi isikae nje zaidi ya saa 2, na kwenye friji imalizwe ndani ya siku 2. Usiihifadhi kabatini hata ikiwa imefunikwa na mafuta. Kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta, kikikaa kwenye joto la chumbani, ni mahali panapompendeza bakteria anayesababisha botulizimu, ugonjwa hatari wa kupooza, na sumu yake haionekani wala hainuki.

Samaki aliyebaki mle akiwa baridi. Mchambue kwa vidole, mchanganye na viazi vilivyobaki na kijiko cha sosi, ongeza limau. Ukipenda, finyanga mchanganyiko huo kabla ya kutia sosi, upake unga, ukaange kwa mafuta machache mpaka ugeuke rangi.

Maji ya viungo yachuje, yapoze upesi, na uyagandishe kwenye vyombo vidogo. Mara ya pili yatakuwa na ladha nzuri zaidi kwa sababu yamekwisha kupitiwa na samaki, ila uonje chumvi kwanza, maana kila yakichemka hupungua maji na kukolea. Mara ya tatu yapikie wali au supu, kisha uanze mengine mapya.